Stimu na kuyumba ni vitu viwili: Somo la pombe kutoka kwa panya

UKITAKA kujua kama mtu amelewa, mtazame miguu. Hivyo ndivyo tulivyofunzwa mtaani. Anayeyumba, anayeshika ukuta, anayelala kando ya mtaro, huyo ndiye mlevi. Lakini yule anayecheka kwa sauti, anayenunulia meza nzima raundi ya pili na kucheza densi hadi jasho limtoke, tunasema yuko sawa. Ameshika stimu tu.

Mimi naona tumeshika mambo upande usiofaa. Hatari kubwa kwa kijana haianzi pale miguu inapokataa. Inaanza mapema, kwenye ile stimu tunayoisifu. Na mashahidi wangu katika hoja hii si wahubiri wala machifu. Ni panya.

Usicheke kwanza, nisikilize.

Kwa zaidi ya nusu karne, wanasayansi wamekuwa wakifanya jaribio moja rahisi. Wanachukua panya mdogo wa maabara, wanamdunga pombe kiasi, kisha wanamweka ndani ya kisanduku chenye miale ya mwanga usioonekana. Kila panya akikatiza mwale, mashine inahesabu. Baada ya dakika chache unajua kama ametembea sana au kidogo.

Matokeo yake yana pande mbili. Kiasi cha kadiri, kama gramu mbili za pombe kwa kila kilo ya uzani wake, huwafanya panya wa aina nyingi kuchangamka. Wanakimbia huku na huko kwenye kisanduku kama watoto waliofunguliwa mlango wa darasa. Ongeza kiasi hicho maradufu na hadithi inabadilika. Panya anayumba, anaanguka, kisha analala chali na kushindwa kujigeuza. Ukimweka juu ya kijiti kinachozunguka, kile cha kupima usawa, anaporomoka.

Pombe ni ile ile, panya ni yule yule, lakini ana mienendo miwili. Kwa lugha yetu, wa kwanza ni stimu na wa pili ni kuyumba.

Sasa hapa ndipo utamu wa sayansi ulipo. Watafiti walijiuliza: je, mienendo hii miwili inapitia mlango mmoja ubongoni, au ni milango tofauti? Wakachukua dawa za kuzuia opioidi, yaani naloksoni na naltreksoni. Hizi ni dawa zinazokalia vile vipokezi vya ubongo ambavyo heroini na mofini huvitumia, zikavifunga kama mtu aliyevunjia ufunguo ndani ya kufuli. Naloksoni ndiyo hutumiwa kumwamsha mtu aliyezidisha heroini akakaribia kuacha kupumua.

Lakini pombe si heroini. Kwa nini basi dawa ya heroini iguse pombe hata kidogo?

Kwa sababu mwili wetu una opioidi zake wenyewe. Zinaitwa endofini. Ukinywa pombe, ubongo huzitoa. Mwaka wa 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliwapiga watu picha za ubongo kabla na baada ya kunywa, na wakaonyesha kwamba pombe hutoa endofini kwenye sehemu zinazohusika na raha na tuzo. Endofini hizo hufanya kazi kwa njia ya mzunguko kidogo. Kuna seli ambazo kazi yake ni kuwa breki ya seli za dopamini. Endofini huilegeza breki hiyo, na dopamini ikaachiliwa. Ni kama matatu kwenye mteremko: hakuna aliyekanyaga mafuta, ni breki tu imeachiliwa, lakini gari linashuka kasi vilevile.

Panya wanapopewa kizuizi cha opioidi kabla ya pombe, katika majaribio mengi zile mbio zao hupungua. Stimu inashuka. Kuyumba nako ni hadithi nyingine. Kukosa usawa na kulala hutegemea zaidi mfumo mwingine wa ubongo, unaoitwa GABA, na huko kizuizi cha opioidi si bwana. Kuna wakati madaktari walijaribu kutumia naloksoni kuwaamsha watu waliozimia kwa pombe. Haikuwa tiba ya kutegemewa, na hadi leo haitumiki kama dawa ya kumtoa mtu ulevini.

Kwa ufupi, kuna milango miwili, na dawa hii hufunga mmoja tu.

Kabla sijaendelea, niwe mkweli kuhusu mambo matatu, maana sayansi ikisimuliwa nusu inageuka propaganda. Kwanza, si panya wote wanaochangamka. Panya wakubwa wa maabara kwa kawaida hupoa tu wakipewa pombe. Hata kwa wale wadogo, kuna ukoo uitwao DBA/2 unaokimbia sana ukidungwa pombe lakini ukiachiwa chupa mbili, ya maji na ya pombe, unachagua maji. Ukoo mwingine, C57BL/6, haukimbii sana lakini unapenda kunywa. Kwa hivyo kukimbia si kipimo kamili cha kupenda.

Pili, namna unavyotumia dawa inabadilisha matokeo. Watafiti wa Castellón, Uhispania, walichapisha mwaka wa 2004 kwamba naltreksoni ikitolewa mara moja hupunguza mbio za pombe, lakini panya waliopewa kwa muda mrefu walionyesha kinyume: mbio ziliongezeka. Maelezo yanayoaminika ni kwamba vipokezi vikifungwa kwa muda, ubongo hujibu kwa kuongeza vingine.

Tatu, panya si mtu. Hili nitalirudia, kwa sababu najua ndilo swali lako.

Sasa tutoke maabara turudi kwetu. Utafiti wa kitaifa wa NACADA wa 2022 ulisema Mkenya mmoja kati ya wanane wenye umri wa miaka 15 hadi 65 anakunywa pombe, na mmoja kati ya 20 ana uraibu wake. Hao wa uraibu ni zaidi ya watu milioni 1.3. Si takwimu za mbali hizo. Panda matatu ya abiria 33 na kwa wastani mmoja wenu, pengine wawili, yumo kwenye hesabu hiyo.

Na sisi kama nchi tunapambana na nini? Na miguu. Alcoblow inasimamishwa barabarani kumnasa anayeendesha akiwa amelewa, na sina ugomvi nayo, inaokoa maisha. Sheria ya Mututho ya 2010 ilibana saa za baa. Mwaka wa 2015 serikali iliamuru msako mkubwa wa pombe za bei rahisi eneo la Kati, zikamwagwa barabarani kamera zikitazama. Baada ya watu kufa Kirinyaga mnamo Februari 2024 kwa kunywa pombe yenye sumu, msako ukaanza upya. Mwaka wa 2025 likaja pendekezo la kuongeza umri wa kunywa kutoka miaka 18 hadi 21.

Yote hayo yanahusu chupa, baa na barabara. Hakuna hata moja linalohusu yule mtu ambaye tayari ubongo wake umezoea ile breki kuachiliwa kila jioni.

Vijana wenzangu, kuna sifa moja tunayopeana ambayo lazima niiseme. "Yule msee ni kichwa ngumu, anamaliza mzinga na anatembea wima." Tunampigia makofi. Tunamtuma adukani kwa sababu "yeye hajalewa". Lakini panya wanaopewa pombe mara kwa mara huonyesha jambo la kuogofya. Kuyumba kunapungua kwa sababu mwili unazoea, ilhali zile mbio, katika aina kadhaa za panya, zinazidi kuongezeka siku baada ya siku. Yaani breki ya kumwambia "tosha" inakufa huku kile kinachomsukuma kikipata nguvu.

Ungesema hilo ni la panya. Haya, twende kwa watu. Katika Chuo Kikuu cha Chicago, mtafiti Andrea King na wenzake walianza mwaka wa 2004 kufuatilia vijana 190, wengine wanywaji wakubwa, wengine wa kiasi. Waliwapa pombe maabarani na kuwauliza wanajisikiaje. Wanywaji wakubwa walihisi stimu zaidi na usingizi kidogo kuliko wenzao. Walipofuatiliwa kwa miaka, wale waliohisi stimu kali na uchovu mdogo ndio walioelekea zaidi kuingia katika uraibu.

Kwa hivyo ukiona rafiki yako anakunywa kuliko wote na bado anatembea wima, usimpongeze. Hiyo si nguvu. Ni kama taa nyekundu kwenye dashibodi ambayo nyinyi mmeifanya pambo.

Na hapa ndipo dawa ya panya inapoingia kwenye maisha ya watu. Mwaka wa 1992, daktari Joseph Volpicelli wa Philadelphia, Marekani, ambaye alikuwa amefanya majaribio kwa panya kabla ya kugeukia binadamu, alichapisha utafiti wa wanaume 70 waliokuwa wanajeshi wa zamani na waraibu wa pombe. Nusu walipewa naltreksoni miligramu 50 kwa siku, nusu kidonge kisicho na dawa, na wote walipata ushauri nasaha. Baada ya wiki 12, karibu asilimia 54 ya waliopewa kidonge bandia walikuwa wamerudia ulevi. Kwa waliopewa naltreksoni, ilikuwa asilimia 23. Timu ya Yale ilipata matokeo ya kuelekea huko huko mwaka huo huo. Mwishoni mwa 1994 Marekani ikaidhinisha dawa hiyo kwa uraibu wa pombe.

Tukawa wapi sisi? Shirika la Afya Duniani liliiweka naltreksoni, pamoja na nyingine iitwayo akamprosati, kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa uraibu wa pombe mwaka wa 2023. Ndiyo, miaka 29 baadaye. Lakini iliwekwa. Orodha hiyo ndiyo nchi kama yetu hutumia kupanga dawa gani zinunuliwe kwa pesa za umma. Kisingizio cha kusema "hiyo ni ya Wazungu" kiliisha siku hiyo.

Swali langu kwa Wizara ya Afya na kwa magavana, maana hospitali za kaunti ziko mikononi mwao, ni hili. Kijana akiingia hospitali ya Level 4 Jumatatu asubuhi, mikono ikitetemeka, aseme "daktari, nimeshindwa kuacha", atapewa nini? Atapewa mtu wa kumpima ini na kumwandikia dawa, au atapewa mahubiri na karatasi ya kumtuma mji mwingine? Kama jibu ni la pili, basi pesa tunazotumia kumwaga pombe mitoni zinaacha kazi nusu.

Najua hoja za upande wa pili, na si za kupuuzwa.

Wa kwanza atasema panya si mtu. Ni kweli, na ndiyo maana hakuna anayeandikiwa dawa kwa sababu panya alitulia kwenye kisanduku. Panya alionyesha mlango. Watu wenyewe, katika majaribio yenye maelfu ya washiriki, ndio walioonyesha kama mlango huo unafaa kupitiwa. Na jibu lao halikuwa la kishindo. Mapitio makubwa yaliyochapishwa Marekani mwaka wa 2023 yalipiga hesabu kwamba inabidi watu 11 watibiwe kwa naltreksoni ya kumeza ili mmoja zaidi aokolewe kurudia kunywa kupita kiasi. Mmoja kati ya 11. Anayekuuzia dawa hii kama muujiza anakudanganya. Lakini muulize mama ambaye mwanawe ndiye huyo mmoja kama ni kitu kidogo.

Wa pili atasema ulevi ni tabia, na tabia hairekebishwi kwa kidonge. Huyu mara nyingi ni mzazi, shangazi au mchungaji aliyechoka, na namheshimu. Amekesha, amelipa madeni ya baa, amezika. Ila ningemwomba atazame vizuri. Kuanza kunywa kunaweza kuwa uamuzi. Lakini mtu anayetafuta ya "kutoa loki" saa kumi na mbili asubuhi ili mikono iache kutetemeka hafanyi uamuzi ule ule wa siku ya kwanza. Tena kuna hatari hapa ambayo familia nyingi hazielewi. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu akifungiwa chumbani aache ghafla anaweza kupata kifafa, kuchanganyikiwa na hata kufa. Kumfungia kwa upendo bila daktari si kumsaidia.

Isitoshe, dawa na tabia si maadui. Katika utafiti wa Volpicelli wote walipata ushauri nasaha. Kidonge hupunguza kelele ya ubongo ili mtu aweze kusikia ushauri. Maombi, mshauri, kikundi cha wenzake wanaoacha, kazi ya kumshughulisha, vyote bado vinahitajika.

Wa tatu atauliza kama tunamtoa mtu kwenye uraibu mmoja na kumtia mwingine. Hapana. Naltreksoni haina stimu. Kazi yake ni kufunga mlango wa stimu. Hakuna soko la mtaani la kitu kisichokupa raha yoyote.

Ila nina onyo kwa vijana, na nalisema kwa sauti kwa sababu najua tunavyopenda njia za mkato. Usisome haya kisha ukimbilie duka la dawa kusaka kidonge cha "kunywa bila kulewa". Hakipo. Kumbuka milango miwili. Ukimeza naltreksoni na unywe, pombe bado itapanda damuni. Bado utayumba, bado utachelewa kukanyaga breki, Alcoblow bado itakushika na lori bado litakugonga. Pengine utakuwa hatarini zaidi, kwa sababu ile raha iliyokuwa inakuambia "umekunywa" imepungua, nawe ukaongeza ili uitafute.

Hatari ya pili inawahusu zaidi ndugu zetu wa Pwani na mitaa mingine iliyoumizwa na unga. Mtu anayetumia heroini, anayekunywa metadoni kliniki, au anayetumia dawa kali za maumivu kama tramadoli na mofini, akimeza naltreksoni atatupwa kwenye arosto kali ndani ya muda mfupi. Ndiyo maana daktari lazima aulize, na wewe lazima ujibu ukweli wote, hata ule unaoona haya kuusema. Ini nalo hupimwa, kwa kuwa mnywaji wa muda mrefu mara nyingi analo lenye majeraha.

Kwa hivyo naomba nini hasa? Mambo matatu, na hakuna hata moja la kujenga jumba.

Wizara ya Afya na kaunti zihakikishe dawa zilizo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani zinafika hospitali za kaunti, pamoja na maafisa wa kliniki waliofunzwa kuzitumia. Tulishaonyesha tunaweza. Metadoni ilionekana ndoto, lakini leo watu wanaipata Mathari jijini Nairobi na katika kliniki za Mombasa na Malindi. Waraibu wa pombe ni wengi kuliko wa heroini mara nyingi. Nao wana haki ya mlango wa hospitali.

Shule na vyuo viache kufundisha pombe kwa picha ya mlevi mtaroni. Hakuna mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayejiona kwenye picha hiyo. Anajiona kwenye meza ya sherehe, glasi ya pili, muziki juu, dunia yote rafiki yake. Mfundisheni kinachotendeka kichwani mwake dakika hiyo. Mwambieni kwamba endofini ndiyo inamshika mkono, na kwamba baada ya miezi kadhaa mkono huo unaweza kukataa kumwachilia.

Nasi wenyewe tubadilishe tunachokisifu. Tukiacha kumpigia makofi kichwa ngumu, tutakuwa tumefanya kazi ambayo hakuna sheria ya Bunge inayoweza kuifanya. Ukimwona mwenzako ameanza kuhitaji zaidi ili kufika pale pale, mwambie mapema, mkiwa wawili, bila kamera na bila kumchekesha mtu. Asipojua pa kuanzia, laini ya NACADA ya 1192 haitozi pesa. Mpigie simu akiwa kando yako, kisha umsindikize hospitali, umngoje kwenye benchi hadi aitwe jina.